Kijiwe cha kijivu kwenye bodi: jinsi unga wa chuma unavyofyatuliwa kuwa koili

Kila ikizuka habari ya simu kutengenezwa Afrika Mashariki, ubishi huwa ule ule. Ilikuwa hivyo Rwanda ilipozindua kiwanda cha simu za Mara Phones mwaka 2019, ikawa hivyo tena kiwanda cha Athi River, Kenya, kilipofunguliwa mwaka 2023. Upande mmoja unashangilia kwamba sasa tunaunda simu zetu. Upande wa pili unacheka kwamba ni kufunga skrubu tu, kila kilicho ndani kimetoka China. Halafu hujitokeza mtu na swali ambalo ni zuri kuliko majibu linayopewa: sawa, chipu zimetushinda, lakini hata hivi vidude vingine vya kwenye bodi, visivyo na akili yoyote ndani yake, navyo vina ugumu gani?

Tukichukue basi kile kinachoonekana cha kijinga kuliko vyote. Fungua kompyuta ya mezani, tazama kando ya prosesa, ile chipu kuu inayofanya mahesabu. Utakuta safu ya vijiwe vya mraba, vya kijivu au vyeusi, vimeandikwa R22 au R36 au 1R0. Mara nyingi havina hata nembo, miguu yake imekunjwa chini haionekani vizuri, na ukikibandua kimoja ukakiweka kiganjani ni kizito kuliko ulivyotegemea. Kwenye simu vimo pia, ila huko vimepungua hadi milimita 2 kwa 1.6 au chini ya hapo. Wapo wanaodhani ni chipu, na wapo wanaosema ni fyuzi.

Ni koili. Ndani ya kila kijiwe kuna waya wa shaba uliozungushwa mara chache, ukafukiwa mzima mzima ndani ya unga wa chuma, kisha unga ukagandamizwa ndani ya kalibu mpaka ukawa kitu kimoja kigumu. Kwa lugha ya kiufundi ni indakta. Kwa fundi wa Mtaa wa Aggrey, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, ni koili tu, nami nitashika neno hilo. Tunayoizungumzia hapa ni koili ya kufyatuliwa, maana zipo pia zisizofyatuliwa, ambazo waya wake unauona kwa macho.

Koili inafanya kazi gani

Waya wowote unaopitisha umeme huzungukwa na uga wa sumaku. Ukiuzungusha mara kadhaa mahali pamoja, uga unajikusanya na kuwa na nguvu. Uga huo ni nishati iliyowekwa akiba, na hapo ndipo inapotoka tabia ya koili: haipendi mkondo wake ubadilike ghafla. Ukitaka kuuongeza mkondo, koili inasita, kwa sababu kwanza uga ujazwe. Ukitaka kuukata, inaung'ang'aniza uendelee kwa kuirudisha ile akiba. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anaijua tabia hii bila kuisomea. Mkokoteni wenye magunia kumi hauondoki kwa msukumo mmoja. Lakini ukishashika kasi, anaweza kuuachia hatua mbili tatu nao unakwenda tu, na akitaka kuusimamisha ghafla utamburuza.

Kipimo cha tabia hiyo huitwa henri, kwa jina la Joseph Henry, mwalimu wa Albany, New York, aliyeichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1830, wakati Michael Faraday naye akifanya majaribio yake London. Henri moja ni kubwa mno kwa mambo ya bodi. Huku tunahesabu kwa maikrohenri, yaani sehemu moja ya milioni ya henri, na mara nyingi hata moja haifiki: ile R22 maana yake ni maikrohenri 0.22.

Sasa kwa nini prosesa izungukwe na vitu hivi? Betri ya simu hutoa karibu volti 3.8, na kwenye kompyuta ya mezani pawasapulai inatoa volti 12. Prosesa yenyewe inataka volti 1 au pungufu. Njia ya kizembe ni kuziunguza volti zilizozidi. Ukishusha 3.8 kuwa 0.8 kwa njia hiyo, karibu sehemu nne kwa tano za nishati zitageuka joto; simu itakuwa pasi, na betri haitafika saa sita mchana.

Njia inayotumika ni swichi. Transista hufungua na kukata umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwenye simu hufika mara milioni kadhaa. Chukua bodi ya kompyuta ambayo swichi yake inapiga mara 500,000 kwa sekunde: kila mara inapitisha volti 12 kwa takriban sehemu moja ya kumi na mbili ya muda, halafu inakata. Wastani wake ni volti 1. Tatizo ni kwamba prosesa haili wastani. Ukiipelekea volti 12 moja kwa moja, hata kwa kitambo kidogo sana, imekwisha. Koili ndiyo inayosimama katikati. Inapokea misukumo ya swichi upande mmoja na kutoa mkondo uliotulia upande wa pili, na kapasita zilizo jirani yake, vidude vinavyohifadhi chaji kidogo ya umeme, zinasawazisha mawimbi madogo yaliyobaki. Prosesa kubwa inaweza kula zaidi ya ampea 100, ndiyo maana koili zimepangwa safu: kila moja inabeba fungu lake, kwa zamu.

Waliotumia taa za tyubu za zamani wamewahi kushika ndugu mkubwa wa koili hizi, ile choki nzito iliyokuwa ikivuma juu ya dari. Choki ilikuwa kubwa kwa sababu umeme wa ukutani hubadilika mara 50 tu kwa sekunde, hivyo akiba ya nishati lazima iwe kubwa ya kudumu hadi zamu inayofuata. Ukipiga swichi mara 500,000, akiba ya kila zamu inakuwa ndogo mno, na koili inasinyaa kutoka tofali hadi kokoto. Kila mara mnapoona chaja imekuwa ndogo kuliko ya zamani, sababu mojawapo ni hii.

Kwa nini chuma, na kwa nini kiwe unga

Koili ya waya mtupu hufanya kazi, ila ni dhaifu. Ukiizungushia chuma, uga unaongezeka mara nyingi kwa mizunguko ile ile. Lakini chuma kinapitisha umeme, na uga unaobadilikabadilika huzalisha mikondo ndani ya chuma chenyewe, mikondo isiyofanya kazi yoyote zaidi ya kukichemsha. Fundi anayesuka transfoma anajua dawa ya zamani: chuma hakiwekwi kama bonge, huwekwa bati nyembamba nyembamba zilizopakwa vanishi, ili mikondo hiyo isipate njia ndefu ya kuzunguka. Kwa mara 50 kwa sekunde bati inatosha. Kwa mara 500,000, hata bati nyembamba ni nene.

Zilipatikana njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni feraiti, aina ya kauri nyeusi ya oksidi ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine kama manganizi na zinki, ambayo karibu haipitishi umeme kabisa. Waliivumbua Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Tokyo mwaka 1930, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 kwa ajili ya kuiuza. Feraiti ni nzuri na inatumika mpaka leo kila mahali. Ubaya wake ni kushiba mapema. Kila kitu cha sumaku kina kikomo cha uga kinachoweza kubeba. Chuma hufika karibu tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), feraiti za kawaida huishia kwenye 0.4 au 0.5. Na ikishashiba, inaanguka kwa mkupuo: koili iliyokuwa ikisita kubadilika ghafla inakuwa kama waya mtupu, mkondo unapaa, transista inaungua.

Njia ya pili ni kukisaga chuma. Ukiwa na chembe za maikroni 5 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu ni maikroni 70 hivi, na kila chembe ukaivisha utando wake wa kuzuia umeme, ile mikondo ya uharibifu inabanwa ndani ya chembe moja moja na kukosa nguvu. Halafu unapata faida ya pili. Zile nafasi finyu zilizobaki kati ya chembe na chembe zinaufanya mwili wote ushibe polepole. Ukizidisha mkondo, uwezo wa koili, yaani zile henri zake, unapungua kidogo kidogo badala ya kuporomoka. Kwa kifaa ambacho prosesa yake inaamka usingizini na kudai ampea nyingi kufumba na kufumbua, tabia hiyo ina thamani kubwa. Gharama yake ni kwamba katika kila zamu unga hupoteza nishati nyingi kuliko feraiti, ikigeuka joto.

Mambo yote yako kwenye unga

Watu wakisikia "koili" wanafikiria kazi ngumu ni kuzungusha waya. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mwenye siri ni mwenye unga.

Mojawapo ya unga unaotumika sana ni chuma cha kabonili, na hupatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Chuma hukutanishwa na gesi ya kaboni monoksaidi chini ya mgandamizo mkubwa mpaka vikaungana kuwa kimiminika cha manjano chenye sumu kali. Kimiminika hicho kikigeuzwa mvuke na kupashwa moto, kinaachana: gesi inakwenda zake, chuma kinadondoka kikiwa vumbi la vidonge mviringo. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ludwigshafen, Ujerumani, imekuwa ikikifanya hivi tangu miaka ya 1920. Unga mwingine hutengenezwa kwa kuyeyusha chuma pamoja na silikoni na kromu, kisha uji huo ukapigwa kwa mkondo wa gesi au maji yenye kasi hadi ukatawanyika na kuganda ukiwa matone madogo. Unga wa silikoni na kromu ni mgumu na hauliwi na kutu upesi. Ule wa kabonili ni laini na unakubali kubanwa. Viwanda vingi huchanganya mkubwa na mdogo, ili chembe ndogo zijaze mianya iliyoachwa na kubwa. Uwiano huo, na ukubwa wa chembe, hakuna kiwanda kitakachokutajia.

Unga huoshwa kwa asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, inayoacha utando mwembamba juu ya kila chembe. Kisha unachanganywa na gundi ya epoksi iliyoyeyushwa, asilimia chache tu ya uzito, unakaushwa, unachekechwa kuwa punje. Hizo punje ni za lazima. Vumbi la maikroni 5 halitiririki. Linajishika, linaziba mdomo wa kalibu, mara hii linajaa mara ile linapungua, na koili yenye unga pungufu kwa asilimia mbili tatu tayari ina kipimo tofauti na mwenzake. Juu ya hayo, unga wa chuma laini namna hiyo ukirushwa hewani unaweza kushika moto.

Waya nao si wa kawaida. Juu ya vanishi ya kuzuia umeme umepakwa tabaka la pili linaloyeyuka kidogo ukipashwa, ili mizunguko ishikane na koili isifumuke kabla ya kuingia kalibuni. Kwa koili za mkondo mkubwa waya huwa bapa, kwa sababu bapa hujaza nafasi bila kuacha matundu. Mashine huuzungusha kwa namna ambayo ncha zote mbili zinatokea nje, mzunguko wa ndani usihitaji kuvuka juu ya wenzake. Ncha zinakwanguliwa vanishi na kuchomelewa kwenye vipande vya shaba ambavyo baadaye vitakuwa miguu.

Sasa kufyatua kwenyewe. Unga unamiminwa, koili inalazwa, unga mwingine unamiminwa juu yake, presi inashuka. Kwa ufyatuaji wa baridi, mgandamizo ni wa tani 4 hadi 6 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na kijiwe cha milimita 10 kwa 10 ni sentimita moja ya mraba kamili. Fikiria kinachotokea kwa ule waya. Unga haushuki sawasawa. Pale palipo na shaba chini yake unabanwa zaidi, pembeni unabanwa pungufu. Mizunguko inasogea. Chembe ngumu zinasukumwa dhidi ya vanishi ambayo unene wake ni wa maikroni chache au makumi machache. Ikitoboka sehemu mbili zinazotazamana, mizunguko miwili imegusana na koili imeharibika, ingawa kwa nje kijiwe kinang'aa vizuri kabisa.

Hapo ndipo mvutano wote wa kiwanda hiki ulipo. Ukigandamiza zaidi, chembe zinakaribiana, uwezo wa koili unapanda, kijiwe kinakuwa kigumu. Ukigandamiza zaidi ya hapo, vanishi inapasuka. Wengine hukwepa kwa kupasha kalibu hadi nyuzi joto 150 au zaidi, gundi inalainika, unga unatiririka kwa mgandamizo mdogo. Unapata waya mzima, lakini kila koili inachukua muda mrefu zaidi kalibuni. Na kuna jambo jingine lisilo na dawa. Kugandamiza kunaziumiza chembe zenyewe. Zinabaki na mkazo ndani yake unaoongeza upotevu wa joto. Vipande vya unga vinavyofyatuliwa bila waya ndani huingizwa tanuri la nyuzi 500 na kuendelea ili mkazo huo uachie, ndipo huzungushiwa waya. Koili yetu haiwezi, kwa kuwa waya umo tayari. Vanishi na gundi havifiki huko, kwa hiyo inaokwa kwa nyuzi kati ya 150 na 200 kwa saa kadhaa, gundi ikauke, basi. Mkazo unabaki humo maisha yake yote.

Kinachofuata nitakipita haraka. Vipande vya shaba vinakatwa na kukunjwa kuwa miguu, vinapakwa bati ili vishike lehemu, na mwili unapuliziwa rangi ya epoksi. Rangi hiyo si urembo. Chuma ni chuma, na kijiwe ambacho rangi yake imechubuka hutoa madoa ya kutu. Anayefungua vifaa vilivyokaa miaka Tanga au Mombasa, karibu na upepo wa bahari, huyaona madoa hayo ya hudhurungi kwenye kona za koili.

Kila koili hupimwa kabla ya kutoka: uwezo wake, ukinzani wa waya wake, na jaribio moja la kijanja la kunasa vanishi iliyotoboka. Inapigwa kwa mpigo mfupi wa volti nyingi, na mashine inatazama jinsi mtikisiko unavyofifia. Mizunguko iliyogusana huufifisha mapema. Zilizopona hupangwa kwenye mkanda na kuviringishwa, tayari kwa mashine ya kupachika vifaa kwenye bodi.

Hii ndiyo kazi inayofanywa na Vishay na Coilcraft za Marekani, TDK na Murata za Japani, Cyntec ya Taiwan, Sunlord ya Shenzhen na wengine wengi. Je, huku kwetu haiwezekani? Kuzungusha waya wa shaba tunaweza. Mafundi wa kusuka mota wamejaa kila mji, na shaba yenyewe Kongo inaichimba kiasi cha kuwa ya pili duniani baada ya Chile. Presi za tani kadhaa zinanunulika. Tusichonacho ni unga na kalibu. Kalibu inayofyatua mamilioni ya vijiwe bila kulika inachongwa kwa chuma kigumu kwa usahihi wa maikroni, na unga ni kiwanda kizima cha kemia kinachohitaji wateja wa tani na tani. Halafu kijiwe kimoja kinauzwa senti chache za dola. Anayeuza senti chache hawezi kuishi bila kuuza mamilioni. Kwa hiyo anayesema "hata haka kadude tumeshindwa" anakosea, na anayesema kuunganisha simu ndiko kuziunda naye anakosea. Mtu wa kwetu akitaka kuanza na koili, mimi ningemshauri aanze na zile zisizofyatuliwa, za kuzungushia waya kwenye feraiti iliyonunuliwa. Soko la invata na vifaa vya sola lipo, na mtaji wake unafikika.

Maneno ya mtaani

"Mita imelia, koili imeshoti." Hili ndilo linalopotosha zaidi wanaojifunza ufundi. Koili ni waya. Ukiipima mwanzo na mwisho, mita lazima ilie. Nyingi za zile R22 zina ukinzani wa milliomu chache (milliomu ni sehemu moja ya elfu ya omu, kipimo cha ukinzani), au hata chini ya moja, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi kukiona kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Na ukipima kutoka koili ya prosesa hadi ardhi ukapata omu chache, usikimbilie kusema kuna shoti. Prosesa nyingi nzima husoma hivyo.

"Kama ni waya, piga jampa." Hapa watu wameua bodi. Kumbuka swichi inayopitisha volti 12. Ukiitoa koili ukaweka kipande cha waya, hakuna tena kinachosita. Swichi ikifunguka mara ya kwanza, zile volti 12 zinakwenda kuijaza njia ya volti 1. Ikiwa transista haikuwahi kuungua, prosesa itaungua. Mkanganyiko unatokana na vidude vingine vidogo vya kuchuja kelele, ambavyo havina swichi nyuma yake. Hivyo ukiviruka, simu inawaka na maisha yanaendelea. Kwa hiyo fundi aliyefanikiwa na jampa mara moja hakuthibitisha kitu juu ya koili ya umeme wa prosesa.

"100 ni maikrohenri mia." La. Tarakimu ya tatu ni idadi ya sifuri: 100 ni 10 bila sifuri ya ziada, yaani maikrohenri 10. Mia moja huandikwa 101, na 220 ni 22. Herufi R ni nukta, hivyo 4R7 ni 4.7.

"Weka yenye ampea kubwa." Zipo ampea za aina mbili, na wauzaji hupenda kutaja moja tu, ile kubwa. Moja ni mkondo ambao koili inaanza kushiba. Wengine huhesabu uwezo ukishuka kwa asilimia 20, wengine 30. Nyingine ni mkondo unaoipandisha joto, mara nyingi kwa nyuzi 40. Koili moja inaweza kuandikiwa ampea 30 kwa hesabu ya kwanza na 18 kwa ya pili. Linganisha zote mbili au usilinganishe kabisa.

"Ile inayolia kwinkwi imekufa." Si lazima. Mara 500,000 kwa sekunde sikio halisikii. Mtu anasikia mwisho mara 20,000. Mlio huja pale mzigo wenyewe unapopanda na kushuka kwa mwendo unaosikika, mathalani mchezo wa kompyuta unapopakia, na waya unatikisika. Koili ya kufyatuliwa kwa kweli ni kimya kuliko nyingine kwa kuwa waya wake hauna nafasi ya kutikisika. Mara nyingi anayelia ni kapasita ya jirani.

"Humo ndani mna madini ya thamani." Mna chuma na shaba, na bati kidogo miguuni. Koltani inayogombaniwa Kivu huenda kwenye kapasita za tantalamu, si huku. Wanaookota bodi chakavu wakavunja vijiwe hivi wakitafuta dhahabu wanapoteza nguvu zao.

Kuna jingine nisilolisikia likisemwa ila naliona likifanywa: kutoa koili hizi kwenye bodi za kompyuta na kuzitia kwenye saketi ya umeme wa ukutani. Mwili wa kijiwe ni chuma kilichotenganishwa na tando nyembamba, na nyingi hazikuundwa kuvumilia zaidi ya makumi ya volti. Kwenye volti 240 hazina kazi.

Ukitaka kubadilisha moja iliyokufa kweli, soma namba, pima urefu, upana na kimo, kisha tafuta pacha wake kwenye bodi ya aina ile ile. Hakikisha kwanza transista zilizo jirani ni nzima, kwa sababu koili za kufyatuliwa hazifi kirahisi na mara nyingi hupewa lawama zisizo zake. Kuibandua ni shughuli. Miguu yake imelala juu ya tabaka pana la shaba linalonyonya joto lote la pasi ya lehemu, na anayeng'ang'ania kwa pasi peke yake huishia kung'oa kijiwe pamoja na shaba ya bodi. Pasha bodi kutoka chini kwanza, taratibu, ongeza lehemu mpya kwenye miguu yote miwili, ndipo upulize hewa ya moto kutoka juu. Lehemu ikiyeyuka pande zote kijiwe kitateleza chenyewe ukikigusa kwa koleo.